Nyundo ya Mstarini

Rwamishenye, usiku wa kuamkia safari yako

Kemilembe,

Ya sweta, ya dawa za malaria na ya kutonunua vitu vya dirishani njiani, mama yako ameshakuambia, na amekuambia kwa sauti ambayo hata majirani watavaa sweta kesho. Mimi hapo sina la kuongeza. Nimekaa sebuleni, ninyi mko chumbani mnafunga begi, na kila nikikohoa mnanyamaza. Nimeona bora niandike. Kuandika nimezoea kuliko kusema, na wewe unajua, maana ni barua yangu moja iliyokufikisha hapa ulipo.

Kesho tutapanda basi moja. Wewe unakwenda Mwanza kwa mama yako mdogo, mimi nitashuka Muleba nirudi shuleni. Tiketi alikata mama yako, akatukatia viti mbalimbali, wewe mbele dirishani, mimi nyuma kabisa. Sikuuliza kwa nini. Bahasha hii nitakupa wakati nashuka, ili usilazimike kuisoma huku unajua nakutazama kisogo.

Naanza na kinachoniuma, tusizungushane. Tangu siku ile ya mstarini hujaniita baba, hujaniita Taata. Unaniita Mwalimu. Shikamoo Mwalimu. Mwalimu, chakula tayari. Mwalimu, mama anakuita. Na unalisema kwa adabu kamili, macho chini, ndiyo maana nashindwa hata kukugombeza. Mtoto akikutukana una pa kumshikia. Huyu anayekuheshimu hivi, kama anavyomheshimu mwalimu wa zamu, utamshika wapi? Miezi yote hii tumekula meza moja nami nimekaa kama mgeni aliyekuja kukagua shule. Nimekasirika nawe, Kemi, sitakuficha. Kuna siku nilitamani uvunje sahani unitukane, tumalize.

Haya. Sasa nikueleze mambo ambayo huyajui, na mengine unayoyajua nusu.

Sheria za shule yetu sikuzitunga zote. Za nywele, za viatu, za Kiingereza darasani, nilizikuta. Ila ile ya simu ni yangu mimi mwalimu wa nidhamu, neno kwa neno. Ni marufuku mwanafunzi kumiliki, kutunza au kutumia simu ya mkononi ndani ya eneo la shule. Atakayepatikana nayo atafukuzwa shule, na simu itaharibiwa hadharani. Umeisoma ubaoni, umeisaini siku ya kujiunga, na mimi nikasaini chini yako kama mzazi. Hilo neno "hadharani" nililiongeza mwishoni nikaona nimeandika kitu cha maana sana.

Usidhani niliamka tu asubuhi nikaitunga. Kabla hujaanza kidato cha kwanza tulikuwa na kidato cha nne kimoja, watoto wazuri, wachangamfu. Mmoja wao alikuwa na simu, akajiunga na kundi fulani la mtandaoni, humo wakawa wanatupiwa karatasi eti ni mtihani wa taifa umevuja. Bweni zima wakapokezana. Wakaacha vitabu, wakakariri majibu. Siku ya mtihani wakafungua karatasi, maswali mengine kabisa. Nilikuwa nje nawasubiri watoke. Kijana mmoja alitoka, akakaa kwenye nyasi na sare yake safi, akaniambia, "Mwalimu, mimi sijasoma chochote tangu turudi likizo." Alilia mpaka akatapika. Baba yake alikuwa ameuza kahawa yote shambani kumsomesha yule mtoto, na leo yule mtoto anaendesha bodaboda pale Muleba mjini, akiniona ananipa heshima yake na kugeuza pikipiki.

Kwa hiyo niliichukia simu. Niliichukia kwa haki. Ila nilichukua chuki ya haki nikaifanyia maonyesho, na hapo ndipo nilipopotea.

Nyundo niliitoa hapa nyumbani, ile tuliyojengea banda la kuku. Utaratibu niliubuni mimi, walimu wenzangu wakapiga makofi kwenye kikao. Mwanafunzi akikamatwa na simu, mzazi anaitwa. Anasimama mstarini mbele ya shule nzima, simu inawekwa juu ya lile jiwe la karibu na mlingoti, anapewa nyundo, anaivunja kwa mkono wake. Nilisema mtoto akimwona mzazi wake akivunja, uchungu utamwingia. Wazazi walikuja wamevaa nguo za kanisani, Kemi. Wanaitwa kuja kuaibishwa na wanavaa nguo za kanisani, kwa sababu wanakwenda shuleni.

Bibi mmoja alitoka Kimwani kuja kuvunja simu ya mjukuu wake, ambayo mtoto alitumiwa na mama yake kutoka Dar es Salaam. Wewe ulikuwa kidato cha pili, ulikuwepo. Alipiga, akakosa, akapiga jiwe. Wanafunzi wakacheka. Nikamwambia arudie, akarudia. Unayoyakumbuka wewe ni hayo. Usiyoyajua ni kwamba baada ya mstari kutawanyika alinifuata ofisini, akapiga goti la salamu, akaniuliza kwa Kihaya kama sasa mtoto anaweza kwenda darasani. Alidhani kuvunja ndiyo adhabu. Alidhani amelipa. Nilimwambia hapana bibi, mtoto unaondoka naye, barua hii hapa. Akaniangalia. Akasema, "Sasa mbona nimeivunja?"

Nikamwambia sheria ni sheria. Nilikwenda kunywa chai.

Nakuambia haya ili ujue kwamba ilipofika zamu yako, nilishakuwa na mazoezi ya kutosha.

Sasa lile la babu yako. Hili hata mama yako halijui vizuri. Mimi pia niliwahi kufukuzwa shule. Unacheka? Cheka tu. Nilikuwa bweni, kijana wa umri wako, na taa zilikuwa zinazimwa mapema. Mimi nikawa nawasha kibatari chini ya blanketi nasoma hesabu. Sheria ilisema hakuna moto bwenini, na ilikuwa sheria ya akili, maana blanketi langu liliungua kidogo na bweni zima lingeweza kuteketea. Nikarudishwa nyumbani. Babu yako alikuwa kibarua kwenye mashamba ya utafiti pale Maruku, akichimba mashimo ya migomba ya watu waliosoma. Hakunichapa. Alikata mkungu wa ebitoke, ndizi za kupika, kwenye kibanja chetu cha migomba, akaufunga kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka shuleni, mimi nyuma yake.

Mkuu wa shule alimweka nje muda mrefu. Alipoitwa ndani akavua kofia, akapiga magoti yote mawili, kwenye saruji. Akasema, "Waitu Mwalimu, huyu ni wako. Mchape, mlimishe, mfanye unachotaka, ila usimrudishe kwangu. Kwangu hakuna kitabu."

Nikarudishwa darasani siku hiyohiyo. Lakini unajua nilichoondoka nacho pale? Aibu. Nilimwonea aibu. Miguu yake ilikuwa na udongo, ikaacha alama kwenye saruji ya ofisi, na mhudumu akaja kupiga deki hata kabla hajasimama vizuri. Nikajiapia kwamba mimi nikiwa na mtoto sitapiga magoti mbele ya mwalimu yeyote kwa ajili yake. Kiapo kile nilikitimiza, Kemi. Mambo mengi niliyojiahidi ujanani sikuyatimiza, lile nililitimiza barabara.

Ulikamatwa usiku wa msako, simu ndani ya foronya. Ulidhani nilipewa taarifa tu kwamba simu imekutwa. Hapana. Matroni alinieleza kila kitu asubuhi, kabla sijakuita. Alisema alisimama nje ya dirisha lenu muda mzuri kabla ya kuingia. Alikusikia unasoma maswali ya hesabu kwa kunong'ona kutoka kwenye ule mtandao wa mazoezi ya mitihani, wenzako wanaandika kwenye daftari. Kuna mmoja akasema rudia, ukarudia. Mwingine akasema sijaelewa, ukamweleza kwanza ndipo mkaendelea. Matroni akaniambia, "Mwalimu, wale watoto walikuwa wanasoma."

Mimi nikamjibu, "Sijauliza walikuwa wanafanya nini. Nimeuliza simu ni ya nani."

Yule mama ni mtu mzima, ananizidi umri. Aliinama akaondoka. Mpaka leo tunasalimiana kwa mbali.

Mkuu wa shule naye aliniita. Alifunga mlango, akaniambia taratibu, "Mwalimu, hili tulimalize humuhumu. Mtoto wa mwenzetu, na si kwamba alikuwa anafanya uhuni. Tumpe adhabu ya kulima, yaishe." Nikamwambia, "Mkuu, wale wote niliowafukuza nitawaambia nini?" Lile swali lilikuwa zuri, bado naliona zuri. Na kama ningekuachia ningekuwa mnafiki, wale watoto wa watu wangekuwa na haki ya kunitemea mate barabarani. Hata leo sijui ningefanya nini tofauti ambacho kingekuwa safi. Ila najua nilichofanya hakikuwa safi, ingawa watu wote walikiona hivyo.

Nilikuuliza mbele ya kamati ya nidhamu, nani kakupa simu. Ukanyamaza. Nikakuuliza tena kwa ukali, ukanyamaza. Nikasema kiburi. Nikaandika kwenye barua, "mwanafunzi alikataa kutoa ushirikiano."

Mstarini nilisoma jina lako, kisha nikasoma jina la mzazi, jina langu, kwa sauti ileile niliyosomea majina ya wengine. Nikatoka kwenye safu ya walimu nikaenda kusimama upande wa wazazi. Nikapewa nyundo yangu mwenyewe. Simu ilikuwa kwenye jiwe, imelazwa kifudifudi.

Na kwenye pembe ya nyuma kulikuwa na alama ya rangi nyekundu ya kucha.

Sikiliza vizuri hapa, maana hili sijalisema kwa mtu. Niliijua. Mama yako aliweka alama ile mwenyewe ili simu yake isichanganywe na ya dada yake walipokuwa wanachaji pamoja. Alikuwa ameniambia imeibiwa sokoni, na mimi nilimsema jioni nzima kwa uzembe wake, naye akaendelea kuchambua maharage. Kwa hiyo nikiwa pale na nyundo mkononi nilielewa yote kwa mara moja. Mama yako kakupa. Wewe umenyamaza kumkinga. Ninyi wawili mna jambo lenu, na mmenizunguka mimi, kwa sababu mlijua kwangu hapasemeki.

Ningeweza kuiweka nyundo chini. Ningeweza kusema hii simu ni ya nyumbani kwangu, kosa liko nyumbani kwangu, niadhibuni mimi. Watu walidhani napiga kwa sababu ya sheria. Hata wewe nadhani unaamini hivyo, kwamba baba yako ni mtu wa sheria kupita kiasi. Si kweli. Nilipiga kwa hasira ya mume aliyedanganywa. Pigo la kwanza lilitosha, kioo kilitawanyika. La pili na la tatu hayakuwa ya shule, yalikuwa yangu.

Walimu walinipongeza. Mmoja alinishika mkono akasema, "Wewe ndiye mwalimu wa kweli, tumekuvulia kofia." Na nikafurahi. Lo! Nilifurahi, Kemi. Wewe uko ofisini kwa matroni unakusanya godoro lako, mimi niko ofisi ya walimu nafurahia kuvuliwa kofia. Liweke na hilo kwenye mambo unayonichukia, lina haki ya kuwemo.

Barua ya kukufukuza niliiandika kwa ufundi wangu wote. "Mwenendo wake ni hatari kwa wanafunzi wenzake." Niliona nikiandika kwa ulaini watasema nimekupendelea. Basi tulipozunguka Bukoba kukutafutia shule, mimi na wewe tumekaa kwenye mabenchi ya wageni, kila mkuu wa shule akifungua bahasha alisoma, akakuangalia, akaniangalia, akakunja karatasi. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, kwa barua hii hata mimi ningekuwa baba yake nisingempokea." Nikasema asante. Tukatoka. Wewe ulitangulia mbele, na hapo getini ndipo uliponiita Mwalimu kwa mara ya kwanza tukiwa wawili tu. "Mwalimu, twende nyumbani, tumechoka."

Wenzako wako kidato cha nne sasa. Wewe mwaka huu umekaa dukani kwa mama yako unapima sukari.

Nilidhani uchungu unaishia hapo. Kumbe bado. Wiki chache zilizopita Mkuu alirudi kutoka kikao hapa mjini, ana furaha. Maelekezo mapya, kidato cha nne wajiandae na mtihani kwa kufanya mazoezi mtandaoni, kila jioni wakati wa prepo. Vimeletwa vishkwambi, na visipotosha walimu watoe simu zao. Kikao chetu cha walimu kikachukua muda mfupi kuliko kikao cha kupanga mahafali. Hakuna aliyepinga, hakuna aliyekumbuka lolote, au walikumbuka wakatazama dari. Mwishoni mwalimu mmoja akauliza, na ile sheria ya ubaoni? Mkuu akasema iongezewe tu maneno, hakuna haja ya kuchapa upya. Nani ana mwandiko mzuri?

Nikasimama nikaenda ubaoni na kalamu. Baada ya "ndani ya eneo la shule" nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri, "isipokuwa kwa idhini ya mwalimu."

Ni hayo tu, Kemi. Maneno hayo yangekaa pale mwaka jana, wewe usiku huu ungekuwa bwenini unasinzia juu ya daftari. Nilisimama pale na kalamu watu wakafikiri narekebisha mwandiko.

Na usimamizi wa mazoezi yale wakampa nani? Mwalimu wa nidhamu. Nikagawa simu kwa mikono hii. Wakafungua mtandao uleule uliokuwa unausoma wewe, maswali yaleyale. Pale mwanzoni pana orodha ya walioongoza katika shule yetu. Wa kwanza kabisa, kwa mbali, mtu aliyejiita Binti Mwalimu. Mtoto mmoja mgeni, amehamia mwaka huu, akainua mkono. "Samahani Mwalimu, huyu Binti Mwalimu ni nani? Tumejaribu kumpita hatuwezi." Darasa zima likainamia vishkwambi. Wote wanajua isipokuwa yule mgeni. Nikamwambia, "Fanya kazi yako."

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya maabara. Ulijiandikisha kwa jina lile. Ungeweza kuchagua jina lolote duniani, na huko hakuna aliyekujua, ukachagua hilo. Ulikuwa unajivunia. Mimi nilidhani unaona haya kuwa mtoto wa mwalimu wa nyundo, maana wenzako walikuwa wanakutania, nilisikia. Nililia, nakuambia wazi, nililia na zamu yangu bado haijaisha.

Kesho yake nilikwenda kwa Mkuu. Nikamwomba urudi. Nilisema kwa heshima, nilipanga hoja zangu vizuri, sheria imebadilika, kosa si kosa tena, mtoto ana uwezo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuambia tulimalize ofisini ukakataa. Sasa barua ni yako, sahihi ni yako, jina lake halikuandikishwa kwenye mtihani. Bodi nitawaambia nini?" Na pale, kwenye saruji ya ofisi yake, nilimkumbuka babu yako. Nilijua kabisa kinachotakiwa. Na sikupiga magoti. Nilisema nashukuru Mkuu, nikatoka. Pengine isingesaidia kitu, muda wa kuandikisha ulishapita. Lakini babu yako naye hakujua kama ingesaidia.

Ndiyo maana unakwenda Mwanza. Utamsaidia mama yako mdogo saluni asubuhi, jioni utasoma, na mwakani utafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo yenyewe yatakuwa kwenye simu, karibu yote. Niliposikia hivyo nilikununulia simu. Unakumbuka. Niliiweka mezani kwenye boksi lake, nikajifanya nasoma gazeti. Ukaisogeza kwangu kwa kidole kimoja, ukasema, "Asante Mwalimu. Sheria hairuhusu."

Mama yako alicheka kwa mshtuko, kisha akakimbilia jikoni. Mimi sikucheka. Ila nikuambie ukweli, baadaye nikiwa peke yangu nilisema moyoni, huyu mtoto ni wangu kabisa, ulimi huu hakuutoa kwa mama yake. Simu ya kwenda nayo amekupa mama yako tena, kwa mara ya pili, safari hii mbele ya macho yangu. Ile niliyonunua iko kwenye boksi lake. Nyundo haipo. Mama yako aliichukua kwenye mkoba wangu akaitumbukiza chooni, akaja kuniambia amefanya hivyo, akasubiri nifoke. Sikufoka. Sasa banda la kuku linalegea na hakuna cha kupigilia.

Wosia huwa mnaupenda mfupi, nami sina mrefu. Huko mtandaoni utakutana na watu watakaokuambia wana mtihani wenyewe, umevuja, ni huu hapa. Wapite. Wewe hukuwahi kuhitaji hivyo. Na kwenye chumba cha mtihani usiingie na simu. Hilo bado nalisema, na nitalisema mpaka wanizike, nuna unavyotaka.

La pili si la masomo. Kuna siku utapewa mamlaka juu ya mtu, hata kama ni msichana mmoja tu wa kufagia saluni. Siku hiyo utajisikia mwema sana ukiwa mkali. Mimi nilijisikia mwema kila nilipokuwa mkali, na sikujiuliza kwa nini naupenda ule wema. Sikwambii uwe mlegevu. Nakuambia tu ujichunguze mkono unapoinuka, ni sheria au ni wewe. Mimi nilijua, nikapiga vilevile.

Jumatatu mstari ni wangu. Nikifika nitamwita yule mtoto mgeni mbele, nimjibu swali lake, hadharani, maana neno hilo nililitaka mwenyewe. Nitamwambia Binti Mwalimu ni mwanangu Kemilembe, alifukuzwa shule hii kwa kusoma, na aliyemfukuza ni mimi. Sijui watanifanya nini. Wakinivua ualimu wa nidhamu, wanivue. Haitakurudisha darasani, hilo najua, wala sifanyi ili unisamehe. Usinisamehe haraka, nitakuona umenionea huruma.

Kesho nikifika Muleba nitatembea kutoka kiti cha nyuma mpaka mlangoni, na nitapita pembeni yako. Konda atakuwa anapiga kelele nishuke upesi. Nitakuwekea bahasha hii mapajani, nitashuka. Hutalazimika kusema kitu mbele ya abiria. Basi likishaondoka nitabaki nimesimama pale barabarani kidogo, si kwa kusubiri uchungulie, ni kwamba tu sitakuwa na haraka.

Ukipata nafasi niandikie. Anza na neno lolote unalotaka, hata Mwalimu, nitaisoma na nitaijibu. Mimi barua zangu zote kwa wazazi wa watu nimezimalizia kwa cheo na mhuri. Mhuri nimeuacha ofisini, na hii nitaisaini kwa lile jina ulilonivua, ukiona halistahili lifute kwa kalamu.

Kwa idhini yako,

Taata